Mlima wa Upande wa Mama

Mbwa alitapika kabla hatujafika Kiganjo. Tangu jana yake nilikuwa nimesema kwamba mbwa hana shughuli katika safari ya gari, na kama ni lazima aje basi akae nyuma, pale ninapopakia miche yangu ya avokado. Baba alikataa katakata. Akamkalisha mbele, katikati ya miguu yake, na hapo ndipo githeri yote ya asubuhi, mahindi na maharagwe, ilipomwagika, juu ya viatu vyeusi vya baba vya kwenda kanisani. Nikasimamisha gari kando ya barabara, nikashuka kutafuta majani ya kufutia, huku nikisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

"Hajazoea," baba akasema.

"Na wewe umezoea?"

Alikuwa ameelekeza uso mlimani, akikisogeza kichwa polepole kushoto na kulia kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango gizani. Siku hizo ndivyo alivyotazama kila kitu. Nikainama, nikafuta viatu.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili, wakati wa jua kali ambapo mlima hutoka vizuri asubuhi. Daktari wa macho pale Nyeri mjini alikuwa ametuambia kwamba baba ana presha ya macho. Ugonjwa umemla pembeni, akasema, umebakisha katikati tu, kwa hiyo mzee anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Na hilo bomba nalo litaziba. Labda baada ya miezi michache, labda mwaka, na hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda. Baba alisikiliza yote hayo kofia yake ikiwa magotini. Tulipotoka nje aliniambia jambo moja tu.

"Mama, nataka unipeleke nione mlima ukiwa upande wa kwao."

Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake mzazi, kama ilivyo kwetu kwa binti wa kwanza. Na "kwao" ilikuwa Kianyaga, nyumbani kwa mama yangu, mkewe, ambaye tulikuwa tumemzika miezi minane kabla.

Sasa lazima nieleze ugomvi wa nyumba yetu, maana bila huo ombi lake halina maana. Wazazi wangu walibishana juu ya Mlima Kenya kwa miaka arobaini na sita. Si kila siku, lakini hakuna wiki iliyopita bila hilo. Baba ni mtu wa Mweiga. Akifungua mlango asubuhi mlima uko mbele yake, na jua linachomoza nyuma ya mlima. Kwa hiyo kwa baba hakuna la kujadili: uso wa mlima unatazama Mweiga, na watu wengine wote, poleni sana, wanaona mgongo. Mama alitoka Kianyaga, upande wa kusini, kwenye majani chai na kahawa, na yeye aliamini kinyume chake kwa nguvu ileile. Tena alikuwa na ushahidi. Kutoka kwao, alisema, unaona vile vilele viwili vikubwa, baba na mama, halafu kulia, wametengana kidogo, unamwona mtoto amesimama peke yake.

"Kwenu mtoto amejibanza, hata haonekani vizuri," alimwambia baba huku akichambua maharagwe. "Mlima bila mtoto ni mlima gani huo?"

Hapo baba alichukua kofia yake akaenda kuona ng'ombe. Mimi ni mtoto wao wa pekee. Walinipata baada ya miaka tisa ya kungoja na ya maneno ya watu, na mama alipolitaja neno hilo, mtoto, baba aliondoka. Nilipokuwa mdogo nilidhani amekasirika. Baadaye nilielewa kwamba alienda kusimama tu huko zizini.

Utauliza kwa nini hakwenda Kianyaga akajionea mwenyewe mambo yakaisha. Alikwenda, mara nyingi. Alikwenda kwa mahari, kwa harusi, kwa matanga. Lakini kwetu mwanamume halali kwa wakwe zake. Anafika saa sita mchana akiwa amevaa koti, anakaa pale anapoonyeshwa, anakula kidogo ili asionekane mlafi, na jua likianza kushuka anaaga. Na mlima wetu, kila mtu wa huku anajua, hufunguka alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi umejifunika mawingu. Yaani katika miaka arobaini na sita ya kwenda kwa wakwe baba alikuwa hajaona hata ncha moja ya mlima kutoka kule.

"Lala kwetu usiku mmoja tu," mama alikuwa akimwambia. "Uamke, uone, unyamaze."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Nilale kwa wakwe? Unataka niwe kichekesho cha nchi nzima?"

Mtu mwenye akili angeondoka Mweiga saa tisa usiku, akapitia Karatina, na kufika Kianyaga kukipambazuka. Nilimwambia hivyo. Baba akasema hapana. Alikuwa karani wa mizani ya maziwa kwa miaka thelathini na hakuweza kupima kitu bila kwanza kujua uzito wa chombo kitupu. Tungeanza na upande wake, autazame vizuri kwa macho hayo aliyobaki nayo, kisha tuuzunguke mlima wote, Naro Moru, Nanyuki, Meru, Chuka, Embu, hadi Kianyaga. Hapo ndipo angetoa hukumu. Nami, badala ya kumkatalia, nikakubali. Nimejilaumu sana kwa hilo, lakini mimi pia ni wa Mweiga. Kuuacha upande wetu nyuma bila kuupa nafasi yake ya kwanza niliona ni kama kuukana. Nikajidanganya kwamba mawingu ya mwezi wa pili ni machache, na kwamba pengine jioni yangefunguka.

Na mbwa? Mbwa alikuwa wa mama. Wa kahawia, sikio moja limechanika, na hakuwa na jina. Mama alimwita "wewe" naye aliitika. Baba pia aliitwa "wewe", kwa hiyo wakiwa wote uani ilibidi usikilize sauti ya mama vizuri ili ujue anayeitwa kula ni nani. Mama akiwa hai, baba hakutaka mbwa huyo akaribie hata kizingiti. Baada ya mazishi mbwa alihamia mlangoni kwake, na siku moja nilipokuja na vitu vya sokoni nikamkuta baba akimpulizia githeri ipoe. Nilipouliza kwa nini lazima twende naye, aliniambia, "Huyu ndiye alikuwa anatusikia tukibishana. Aende aone nani alikuwa na ukweli."

Basi tukaenda watatu.

Pale Naro Moru tulisimama kando ya barabara na mlima ulikuwa wazi kabisa, hadi unaona mikunjo ya mawe. Theluji ni kidogo siku hizi, michirizi tu. Baba alishuka, akavua kofia, akauzungusha uso wake mpaka akaupata.

"Ona! Huo ni uso," akasema. "Huo hata kipofu anajua ni uso."

Kisha akasikia alichosema, akavaa kofia. Nilitaka kumshika mkono lakini mkono wangu ulikuwa bado unanuka matapishi ya mbwa.

Kabla ya kuingia Nanyuki kuna kibao cha ikweta, na vijana wenye ndoo wanaowaonyesha wageni jinsi maji yanavyozunguka. Kijana mmoja alitukimbilia akiwa na beseni lenye tundu na kijiti cha kiberiti. "Mzee, karibu. Upande hii maji inazunguka hivi. Ukienda upande ile inazunguka ile ingine. Na hapa katikati haizunguki, inashuka tu." Akaliweka beseni chini kwenye mstari wenyewe, akajaza maji, akageuka kutafuta kijiti alichokuwa amekiangusha. Mbwa alikuwa ametapika chakula chake chote na kiu ilimshika. Kijana alipogeuka tena, beseni lilikuwa kavu.

"Aah, mzee! Hii mbwa yako imekunywa ikweta!"

Baba alicheka. Hakikuwa kile kicheko cha heshima cha kanisani. Kilikuwa kile cha zamani kinachoishia kwenye kikohozi, nami sikuwa nimekisikia tangu tumzike mama. Tukampa yule kijana kitu kidogo na tukapiga picha chini ya kibao, baba amesimama wima kama askari, mbwa akijilamba midomo. Picha hiyo ninayo kwenye simu. Ndani yake baba anatazama pembeni kidogo, kwa sababu hakuniona niko wapi.

Nanyuki mjini baba aliona aibu kumvuta mbwa kwa kamba ya katani mbele ya wageni, wanajeshi wa kigeni na watu wa mahoteli, ambao mbwa wao wanatembezwa kwa mikanda ya maana. Tukaingia duka la Mhindi mmoja mzee, nyuma ya soko, duka la matandiko ya farasi, koleo, taa na kila kitu. Alimsalimu baba kwa Kikuyu safi kuliko changu, akatoa mkanda wa ngozi.

"Hii ni ngozi ya kweli, mzee. Itaishi kuliko hiyo mbwa."

"Hata mimi itaniacha," baba akasema, akaununua.

Kutoka hapo mlima ulikuwa upande wetu wa kulia wakati wote, na tangu saa nne ulikuwa umeanza kuvuta shuka. Timau, kwenye mashamba ya ngano, kulibaki ncha moja. Mbwa akatapika tena, mara hii maji ya ikweta. Tulipofika Meru hakukuwa na mlima, kulikuwa na ukuta mweupe tu, na mvuke, na wanawake wanaouza ndizi. Tulikula ugali na nyama kwenye hoteli ndogo ya juu ya barabara. Baba alikata nusu ya nyama yake kwa ajili ya mbwa, akaifunga kwenye leso. Aliniuliza mara mbili kama mawingu yanasogea. Mara zote mbili nikamwambia naona yanasogea.

Njia ya kutoka Meru hadi Embu inashuka mtoni na kupanda, inashuka na kupanda, na kila mto unatoka mlimani. Mama alipenda kuitaja mito hiyo kila tulipopita, mmoja mmoja, na alikasirika sana ukitaja mmoja nje ya zamu yake. Sasa baba ndiye aliyekuwa akiitaja. Hakuweza kuiona. Alikuwa akiusikia mngurumo wa gari ukibadilika juu ya daraja, anasema jina la mto, na hakukosea hata mmoja. Niliendesha nikiwa nimeuma midomo. Nilimkumbuka mama, na nilimkasirikia pia, kwa kwenda kwanza na kuniachia mzee huyu na ubishi wake.

Tulifika Kianyaga saa kumi na nusu. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa langoni na mkewe. Ni mkulima wa chai, ana kiuno kilichopinda kwa sababu ya vikapu vya majani, na hapendi kuzunguka anaposema.

"Shemeji, umekuja kuona mlima saa hii? Huo ni mlima ama ni mke wa mtu, unaujia ukiwa umelala?"

Kaskazini, juu ya mashamba ya chai, kulikuwa na mawingu tu, mazito na yasiyo na haraka. Tulikaa nje kwenye viti tukinywa chai. Baba alikuwa ameelekeza uso huko, akiusogeza polepole. Saa kumi na moja. Saa kumi na moja na nusu. Mara moja kulitokea mwanga mahali fulani kati ya mawingu na mkewe mjomba akaguna, "Hee," nasi sote tukainuka nusu. Mawingu yakafunga tena.

"Lala," mjomba akamwambia. "Kesho saa kumi na mbili utaona kila kitu. Dada yangu alikuwa anakuomba hivyo miaka yote."

"Ati nilale?" baba akasema. "Hapana. Tutarudi siku ingine."

Nilijua, na mjomba alijua, kwamba hakutakuwa na siku ingine ya maana. Asubuhi hiyo baba alikuwa amevaa viatu vya kushoto na kulia kwa kubadilisha, akagundua tu alipojikwaa. Nikamwambia mbele yao bila kujali heshima, "Baba, nimeendesha gari kuanzia asubuhi. Macho yako hayangoji. Unaogopa nani? Mama ameshaenda, nyanya na guka wa hapa, wakwe zako, wameshaenda. Nani atakucheka?"

Akasimama, akanyoosha koti. "Mimi sijawahi kulala hapa, na sitaanza wakati yeye hayuko wa kuniona," akasema.

Hapo ndipo mbwa alipotuokoa. Nilifungua mlango wa gari, na yule mnyama aliyekuwa ametapika mara mbili na kupandishwa na kushushwa vilima vyote vya Chuka akaketi chini. Baba alivuta mkanda. Mbwa akalala chali. Baba akamwita "wewe" kwa upole, kisha kwa ukali, na mbwa akajikokota hadi chini ya gari, akabaki huko akitutazama.

Baba aliulegeza mkanda. Nilimwona akifikiria.

"Huyu ni mgonjwa," akasema mwishowe. "Siwezi kusafirisha mnyama mgonjwa. Na siwezi kumwacha peke yake mahali hajui. Nitakaa naye kwa gari mpaka apate nguvu."

Mjomba hakucheka, na nitamheshimu kwa hilo hadi nife. Aliangalia lango lake, akaangalia barabara ya vumbi ya murram iliyo nje. "Sogeza gari hapo nje," akaniambia. "Lango ni yangu, lakini barabara ni ya serikali. Hakuna mtu atasema shemeji amelala kwangu." Kisha akaenda kuleta blanketi mbili.

Mimi nililala ndani, kwenye chumba alichokulia mama, na nilipoamka mapema na kutoka nje bado ulikuwa ule wakati wa rangi ya majivu. Gari lilikuwa wazi. Baba alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba la chai, blanketi mabegani, mkanda wa mbwa mkononi. Mbwa alikuwa amemwamsha kwa kukwaruza mlango, aliniambia baadaye, la sivyo angelala hadi jua.

Mlima ulikuwa umetoka, mzima, bila wingu hata la kufutia kioo. Jua lilikuwa linaugusa upande wa kulia, na upande huo ulikuwa wa waridi. Vile viwili vikubwa vilisimama karibu karibu. Na kulia, wametengana kidogo kama mama alivyosema kila wiki ya maisha yangu, alikuwepo mtoto.

Baba alikuwa ameelekea mahali pasipo mlima. Alikuwa akitazama mashariki kuliko na mwanga mwingi, akisogeza kichwa, akitafuta. "Umetoka?" akauliza. "Mama, umetoka? Mimi naona nyeupe tu."

Sikuwa nimewahi kumshika baba kichwa. Nilikishika siku hiyo, mikono yangu miwili kwenye mashavu yake yenye ndevu za asubuhi, nikakigeuza polepole mpaka nikahisi ametulia.

"Huyo ni mmoja," akasema.

Nikakisogeza kidogo.

"Huyo wa pili."

"Ndiyo."

"Na mtoto?"

Nikakisogeza kulia, upana wa kidole tu. Alivuta pumzi na hakuitoa kwa muda mrefu. Mbwa alikuwa amekaa juu ya viatu vyake. Sijui tulisimama hivyo kwa dakika ngapi. Mikono yangu ilianza kufa ganzi nami sikuthubutu kuitoa. Machozi yake yalikuwa yanaingia kwenye vidole vyangu. Nilingoja aseme. Nilitaka akiri hapo hapo kwenye ardhi ya kwao, ili pengine mama asikie huko aliko.

Wingu la kwanza lilipofika kwenye bega la mlima baba aliitoa mikono yangu, akafuta uso kwa blanketi, akasema:

"Ni mgongo."

Nilimlipukia. Nilimwambia ana moyo wa jiwe la kusagia. Nilimwambia mwanamke aliyempikia miaka arobaini na sita ameomba jambo moja tu na yeye ameshindwa kumpa hata akiwa kaburini, na kwamba afadhali macho yazibe kama yanaona na kukana. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa baba yangu, na hakuna siku ambayo nimelisahau. Alimpandisha mbwa garini, na safari hii mbwa alipanda mwenyewe. Akamshukuru mjomba kwa mikono miwili. Mjomba hakuuliza kitu. Alikuwa amesimama langoni, nadhani alisikia yote.

Hatukusemezana hadi Karatina, na baada ya Karatina pia hatukusemezana. Nilipomshusha Mweiga mlima ulikuwa umejifunika. Alisema, "Asante, mama," akaingia ndani.

Bomba liliziba kabla ya Krismasi. Siku hizi baba hatoki nje ya boma bila mbwa. Asubuhi anaushika ule mkanda wa Nanyuki na mbwa anampeleka zizini, kisha kwenye kiti chake kilicho uani, kinachotazama mashariki. Hukaa hapo hadi mchana. Hatujawahi kuongea tena kuhusu Kianyaga. Nilimwomba msamaha kwa maneno yangu, akasema ameyasahau, na nilijua hajasahau.

Wiki iliyopita alikuja daktari wa mifugo kuwachanja mbwa wa kijiji chetu dhidi ya kichaa. Ni mgeni huku, anatoka upande wa ziwa, hana hata mwezi Mweiga. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikisafisha ndoo ya maziwa, nao hawakujua niko pale. Yule daktari, ili kumtuliza mzee wakati akitayarisha sindano, alisema kwamba tangu aje hajauona mlima vizuri, kila siku ni mawingu.

"Yakitoka," baba akamwambia, "angalia kwanza vile viwili vikubwa. Huyo ni baba, na huyo karibu yake ni mama. Halafu sogeza macho kulia kidogo. Kidogo tu, kama kidole. Hapo utaona mtoto amesimama."

"Leo asubuhi ulitoka kidogo, mzee. Hao wawili niliona. Mtoto sikumwona."

Nilisikia mbwa akihema.

"Kutoka hapa huwezi kumwona," akasema. "Uende Kianyaga, na ulale huko. Hapa kwetu tuko mgongoni."

Nilingoja mbwa adungwe sindano yake, daktari aende, na baba aanze kusinzia kitini. Kisha nikaweka ndoo chini, nikaenda hadi kwenye kaburi la mama, pale karibu na mti wa makadamia, nikamwambia.